Kumkagua mgonjwa na daftari mkononi: namna ya kutafiti uuguzaji wa siku za mwisho kwenye familia zilizohama, Unguja na Pemba

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nyumba moja Fuoni, mama wa makamo anamuuguza mamake, wamehamia kutoka Micheweni, Pemba, miaka mingi, mie nimekaa mkekani na dodoso langu limepigwa chapa vizuri, nikafika swali la tisa nikalisoma kama lilivyo: "Mgonjwa wako angependa kufia wapi?" Yule mama hakukasirika. Alinyamaza, akainuka akaniletea chai na maandazi, akanambia "kunywa mwanangu, jua kali", na toka hapo hata jina la mtaa hakunijibu tena. Nikanywa chai yangu nikaondoka. Na mie mtu wa Wete, lugha nimezaliwa nayo, bado nimeuliza kama mtu aliyeshuka jana na ndege, mana lile swali liliandikwa ofisini likatafsiriwa kutoka karatasi ya watu wengine kabisa na hakuna hata mmoja wetu aliyelisoma kwa sauti kabla ya kutoka.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, anayetafuta mada, nesi anayetaka kuandika anachokiona kila siku, msaidizi wa utafiti anayetumwa nyumba kwa nyumba, na hata mgeni anayekuja na mradi wake. Nimepanga kwa hatua lakini hatua nyengine ndefu nyengine fupi, ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Hatua ya 1: Amua nani ni "mhamiaji", halafu usilitumie neno hilo

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na watu 593,678. Ongezeko la karibu laki tatu kwa miaka kumi halitoki wodi ya wazazi tu, watu wamehama. Lakini wamehama kwa njia tofauti na ukiwachanganya kwenye fungu moja utafiti wako umekwisha kabla hujaanza.

Kuna Mpemba aliyehamia Unguja, ambaye ukimwita mhamiaji atakucheka kwa sababu yupo nchini kwake, ila mgonjwa akizidiwa utasikia "tumrudishe Pemba". Kuna watu wa bara, mafundi ujenzi, wafanyakazi wa mahoteli ya Nungwi na Paje, wauza mboga, Wamasai wa pwani, wengine Waislamu wengine Wakristo, wengine wana miaka thelathini hapa na bado wanaitwa wageni. Kuna Wangazija, ambao wengi wao ni wa vizazi na vizazi. Halafu kuna familia ambayo yenyewe haijahama, ila watoto ndio waliohama, wako Muscat, Dubai, London, Toronto, na mzee kabaki Chake Chake, Pemba, na mkwe. Mie hii ya mwisho naiweka kwenye wahamiaji bila kusita, mana uuguzaji wake unafanyika kwa simu nusu nzima.

Badala ya kuuliza "nyinyi ni wahamiaji?" uliza "kwenu ni wapi?" Jibu lake linakupa kila kitu. Mtu kajenga Tomondo, wajukuu wamezaliwa Tomondo, ukimuuliza kwenu wapi anakwambia Kojani, Pemba. Hapo ushajua mambo ya mwisho yatavutwa upande gani.

Hatua ya 2: Maneno kwanza, dodoso baadae

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo watu wengi wanapoanguka.

Kitaalamu huduma hii, ya kumtuliza mgonjwa maumivu na shida zake, kwa Tanzania inaitwa tiba shufaa. Neno zuri, lakini nenda nalo kwa bibi wa Mtambwe umwambie "nimekuja kuhusu shufaa" uone, yeye shufaa anayoijua ni ya Mtume siku ya Kiyama, atakuitikia amin na atakushangaa unatafiti nini. Mwengine anasikia "shifaa" anadhani umeleta dawa ya kuponya. Yote mawili ni hatari, la pili zaidi, kwa sababu unampa mtu tamaa usiyokuwa nayo mfukoni.

Neno la nyumbani ni kuuguza. "Nani anamuuguza?" kila mtu anaelewa, na ndani yake mna kuosha, kulisha, kugeuza, kukesha, kulipa, kubembeleza, vyote. Ugonjwa wenyewe mara nyingi hautajwi jina, utasikia "maradhi makubwa" au "yale maradhi", basi na wewe sema hivyo hivyo mpaka wao walitaje. Spitali ikiwa haina la kufanya tena watu wanasema "wametwambia tumrudishe nyumbani", na sentensi hiyo ukiisikia weka alama kwenye daftari, mana wengi ndio siku walioelewa, ijapokuwa hakuna daktari aliyesema neno kifo. Na mtu akikwambia "tunamsubiria Mungu" usiandike kwamba familia imekata tamaa, nimeona ripoti imeandika hivyo na ni makosa makubwa. Mtu anayemsubiria Mungu asubuhi bado anapika uji, anasomesha Yasin, anapeleka kuandikiwa kombe (aya za Kurani zinazooshwa kwa maji ya kunywa), na anapiga simu kuulizia dawa.

Lile swali langu la aibu siku hizi nauliza hivi: "Mungu akimzidishia mtu maradhi, nyie kwenu mnapenda awe wapi, na nani awe karibu yake?" Linauliza jambo lile lile. Tafauti ni kwamba hili halimzungumzii mgonjwa aliyelala chumba cha pili anasikia, linazungumzia mtu na kwenu, na anayejibu anaamua mwenyewe aingie ndani kiasi gani.

Fanya zoezi hili kabla ya kwenda popote: chukua dodoso zima ukalisome kwa sauti mbele ya watu watatu, mtu mzima wa Pemba, mtu wa bara na kijana wa mjini. Wakikunja uso, futa.

Hatua ya 3: Ijue huduma yenyewe, hata kama wewe si daktari

Utaulizwa. Ujue basi kwamba huduma hii kwa sura ya leo ilianzia London mwaka 1967 pale Cicely Saunders alipofungua St Christopher's Hospice, na yeye ndiye aliyesema maumivu ya mtu anayekaribia mwisho si ya mwili peke yake, yamo ya moyo, ya jamaa, ya imani, na kwa mtu aliyehama ongeza na ya kuwa mbali na kwao. Afrika Mashariki Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na dawa kubwa walioisambaza ni mofini, dawa ya maumivu makali, ya maji ya kunywa, rahisi, mtu anatumia nyumbani kwake. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanaohitaji huduma hii duniani ni kiasi cha asilimia 14 tu wanaoipata.

Sasa hiyo mofini. Zanzibar inajua unga, yaani heroini, kila mtaa una kijana ulimharibu, kwa hiyo familia ikisikia mgonjwa anapewa dawa ya jamii hiyo wanaogopa, wengine wanaificha juu ya kabati. Usiandike "ujinga". Uliza wanaogopa nini na utapata majibu tofauti: mmoja anaogopa uteja, mwengine anaogopa kuwa ndio ya kumuwahisha, na wa tatu, huyu nilimpata Mkoani, alinambia hataki mamake alale fofofo kwa sababu anataka akili yake iwepo ya kutamka shahada. Hilo la tatu ni la kupangwa na daktari, dozi na saa, na usingelijua kama ungeuliza tu "je mnatumia dawa za maumivu, ndio au hapana".

Hatua ya 4: Vibali

Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali chako cha bara hakikufikishi Darajani. Utafiti wa afya hapa unapita kamati ya maadili iliyo chini ya ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar. Anza mapema, uliza ofisini kwao karatasi gani wanataka kwa wakati huo, na weka miezi kwenye ratiba yako, si wiki. Kama unapitia spitali, iwe Mnazi Mmoja au Abdulla Mzee kule Mkoani, uongozi nao lazima ujue.

Kisha sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Bila sheha huingii shehia, yaani eneo lake, na ni haki yake, lakini nakuomba usiingie nyumbani kwa mgonjwa ukiongozana naye. Mtu wa bara hasa, ambaye hana kitambulisho cha Mzanzibari, akikuona umekuja na sheha anafikiria ukaazi wake unachunguzwa, na wengine watafikiria umeleta msaada. Sheha akutambulishe kwa maneno au akupe mtu wa mtaani anayeaminika.

Hatua ya 5: Chagua nani aende

Mwanamke aende kwa mwanamke, hilo halina mjadala, na wengi wanaouguza ni wanawake. Lakini usidhani kuwa "mwenyeji" basi anatosha. Mie na buibui langu na lafudhi yangu ya Wete nilikaa na mama mmoja Mkristo kutoka Mwanza, mumewe kapooza, kila nilichouliza anajibu "majirani wananisaidia sana, Wazanzibari watu wazuri". Wiki ya pili akaenda mwenzangu mtu wa bara, akaambiwa kuwa mumewe akifa hajui atamzika wapi wala atapata wapi nauli ya kumvusha na boti, na kwamba usiku halali kwa hilo. Hakunidanganya, alinistahi. Ila data yangu ingebaki hivyo, ingetoka ripoti ya majirani wema.

Kinyume chake pia kipo, mtu wa karibu mno ataambiwa nusu kwa sababu maneno yatarudi mtaani. Na mtoto asitumike kutafsiri, hata kama ndiye pekee nyumbani anayejua Kiswahili vizuri. Huwezi kumfanya mtoto wa miaka kumi amuulize babake anaumwa wapi.

Hatua ya 6: Ziara ya kwanza haina daftari

Sisi mgonjwa tunakwenda kumkagua. Kuna adabu zake na mtafiti hana msamaha. Baada ya alasiri ndio wakati mzuri, Ijumaa mchana hapana, Ramadhani fupisha na usiende karibu na kufuturu. Ukipanga saa kwa simu na mtoto aliyeko ng'ambo hakikisha mnazungumza saa za aina moja, "saa nne" ya kwetu na "saa nne" ya anayesoma saa ya simu ni vitu viwili, na Muscat wako mbele yetu saa moja juu yake.

Mikono mitupu haiendi kwa mgonjwa. Lakini kamati ya maadili itakwambia zawadi ni kishawishi, na haikukosea. Nilivyotatua mie: ziara ya kwanza nakwenda na machungwa au juisi, kitu cha kawaida ambacho jirani yeyote angeleta, nasema waziwazi mie nani na natoka kazi gani, nakaa kidogo, namuombea, naondoka. Hakuna swali la utafiti na hakuna kinachoandikwa. Ziara ya pili ndio naomba, na anayekataa kushiriki, hata kama machungwa keshayala, hadaiwi kitu. Andika utaratibu huo kwenye maombi yako ya kibali tangu mwanzo, na uweke na bei.

Hatua ya 7: Ridhaa, na mgonjwa ambaye hajaambiwa

Hili ndilo gumu kuliko yote. Nyumba nyingi mgonjwa hajaambiwa anaumwa nini, au anajua na watu wanajua kuwa anajua lakini hakuna anayesema. Wewe unaingia na fomu juu imeandikwa "utafiti wa wagonjwa wa saratani waliokaribia kufa". Ushaivunja nyumba ya watu.

Jina la utafiti kwenye kila karatasi inayoonekana liwe la kweli lakini lisitoboe: "uuguzaji wa wagonjwa wa muda mrefu majumbani". Kabla ya kuonana na mgonjwa muulize anayemuuguza, faragha, "yeye mwenyewe anasemaje kuhusu maradhi yake?" Hukuuliza anajua nini, umeuliza anasemaje, na unatumia maneno hayo hayo ukiwa naye.

Ruhusa ya mkubwa wa nyumba utaihitaji ili ukae. Ila ruhusa ya ami si ridhaa ya mgonjwa. Kama akili yake ipo, muulize mwenyewe, kwa lugha nyepesi, na umuulize tena kila ukija, kwa sababu mtu wa Jumatatu na mtu wa Alhamisi kwenye hali hii si mmoja. Akigeuza uso ukutani, hiyo ni hapana, usisubiri neno. Asiyeandika aweke kidole mbele ya shahidi asiyekuwa wa mradi wako.

Na kuna yule mwenye kuamua ambaye hayupo. Nyumba moja Wete, anayemuosha bibi ni mkwe, anayemlisha ni mjukuu, lakini bibi arudishwe spitali au asirudishwe anaamua mtoto wa kiume aliyeko Muscat kwa sababu ndiye anayetuma pesa, na maamuzi yanakuja kwa sauti za WhatsApp usiku. Huyo naye ni mshiriki, omba ridhaa yake mbali. Kundi la familia la WhatsApp usikubali kuingizwa hata ukibembelezwa, utasoma mambo ya watu ishirini ambao hawajakukubalia.

Rekoda nayo. Sauti ya mtu akishafariki inageuka kitu chengine kabisa. Nimepigiwa simu na binti anataka kusikia sauti ya babake, na mradi ulishaahidi kufuta rekodi zote. Amueni kabla, na liwe swali kwenye fomu: familia ikiiomba sauti hii baadae, wewe mwenyewe unaridhia wapewe, ndio au hapana?

Hatua ya 8: Kuuliza

Chora kwanza. Nachukua karatasi naweka nyumba kati, nauliza: nani anamgeuza, nani anakesha, nani analipa, nani anaamua, nani anapigiwa simu mwanzo akizidiwa. Nachora mistari mpaka Muscat au Mwanza. Dakika ishirini, na mazungumzo yote yanatoka hapo, kwa sababu mwenye kuuguza anajiona kwenye karatasi jinsi alivyozungukwa au alivyo peke yake. Kuna mkwe mmoja aliitazama ile michoro akacheka, "kumbe usiku wote ni wangu".

Maswali aliyoyatunga Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, miaka ya 1970 bado yanafanya kazi ukiyavua suti: mnaona yameanzia wapi maradhi haya, kwa nini wakati ule, mnaogopa nini zaidi. La chanzo litakupeleka kwenye husda na mashetani, sikiliza kwa utulivu huo huo unaosikilizia vipimo.

Ukitaka namba, ipo APCA African POS, dodoso fupi la jumuiya ya tiba shufaa ya Afrika la kupima hali ya mgonjwa, maswali 10 tu, 7 ya mgonjwa na 3 ya mwenye kumuuguza, yanapimwa kuanzia 0 hadi 5 na yanauliza siku 3 zilizopita. Fupi, mgonjwa hachoki. Yajaribu kwa lugha ya hapa kwanza, kama nilivyosema.

Hatua ya 9: Akifariki kati ya utafiti

Nenda mazikoni au kaa na wanawake ndani, kama mtu. Daftari libaki nyumbani na usiweke kichwani cha kuandika baadae. Kwa Waislamu ngoja angalau arubaini ipite. Mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, hatoki, kwa hiyo usimuite ofisini wala spitali, mtafiti mwanamke amfuate, na wengine wanapenda sana kuzungumza wakati huo mana siku ni ndefu na wageni wamepungua. Asiyetaka usirudi mara ya tatu.

Familia ya bara huenda wamesafirisha mwili na wameondoka nao wote. Chukua namba ya simu mapema, na uweke nauli ya boti kwenye bajeti, hadithi ya safari ile ndiyo nusu ya utafiti wako.

Hatua ya 10: Kuandika na kurudisha

Usitafsiri mapema. Changanua kwa Kiswahili, acha "kurudishwa nyumbani" ibaki kurudishwa nyumbani mpaka mwisho. Kuhusu kuficha majina, Zanzibar ni ndogo. Ukiandika "fundi cherehani wa Kimakonde, kijiji cha Jambiani, kafiwa na mke" hujaficha mtu, ushamtaja. Badilisha kazi, toa kijiji, wakati mwengine gawa hadithi ya mtu mmoja sehemu mbili.

Matokeo yarudishwe kwa mdomo, kwenye shehia, wanawake kwa wakati wao. Nilifanya hivyo mara moja Pemba, nimejipanga na mabango yangu, mzee mmoja akanyanyua mkono kabla sijafika nusu: "Mwanangu, tumekusikia. Hiyo dawa ya maumivu inapatikana spitali gani, siku gani, na nimuulizie nani?" Sikuwa na jibu. Siku hizi karatasi hiyo, spitali, siku na mtu wa kuulizwa, naiandaa na kuithibitisha kabla dodoso halijapigwa chapa, na nyumba ya kwanza nikikuta mgonjwa anaugulia nafunga daftari natoa karatasi.